Weka Upanga Chini: Somo Kutoka Mlima wa Majaribu



Leo tunazungumza habari za gemu. Najua wapo wazazi na makatekista watakaokunja uso wakisoma hivyo. Nawaomba wavumilie kidogo, maana somo lenyewe linagusa swali tunalokutana nalo kila Kwaresima: je, mtu aliyetenda mabaya anaweza kweli kuwa mtu mpya? Na kama anaweza, anapita njia gani?

Mimi ni mchezaji wa RPG, yaani zile gemu ambazo unachukua nafasi ya mhusika fulani, unatembea naye katika hadithi ndefu, anapigana, anakusanya pointi za uzoefu, anapanda leveli. Swali ambalo vijana wananiuliza mara nyingi ni hili: "Kaka, huyu mhusika nitamfungulia vipi ile sura yake ya pili?" Wanamaanisha lile badiliko maalumu, pale mhusika anapogeuka, mavazi yanakuwa mengine, muziki unapanda, na anapata nguvu ambazo hakuwa nazo. Ni swali zuri kuliko wanavyodhani. Nitalijibu kwanza kama mchezaji, halafu kama kijana Mkatoliki.

Kila badiliko lina ufunguo wake

Watunzi wa gemu nzuri hawatoi badiliko bure bure. Wanaweka sharti, na sharti hilo linakuambia wanafikiri nini juu ya mtu. Tuangalie funguo chache ambazo wengi wenu mmeshazishika.

Ufunguo wa kwanza ni uvumilivu. Wanaocheza Pokémon wanamjua Magikarp, yule samaki anayerukaruka bila kumdhuru mtu yeyote. Wengi wanamcheka na kumwacha. Ukimvumilia mpaka leveli ya 20, anakuwa Gyarados, na hakuna anayemcheka tena.

Ufunguo wa pili ni urafiki. Kuanzia Pokémon Gold na Silver za mwaka 1999, wapo wahusika kama Golbat ambao hawabadiliki kwa leveli peke yake. Gemu inahesabu kimya kimya jinsi unavyoishi nao. Ukitembea nao, urafiki unapanda. Ukiwaacha wanaangushwa vitani mara kwa mara, unashuka. Siku ukifika juu, Golbat anakuwa Crobat.

Ufunguo wa tatu ni mwenzako. Katika gemu za kwanza kabisa za Pokémon, zilizotoka Japani mwaka 1996, Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter hawakuweza kufika sura yao ya mwisho mikononi mwa mtu mmoja. Ilikuwa lazima utafute mchezaji mwingine, muunganishe mashine zenu kwa waya, mbadilishane. Ukikaa peke yako chumbani miaka kumi, Haunter wako atabaki Haunter.

Na humo humo kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Badiliko likishaanza, mchezaji anaweza kulizuia kwa kubonyeza kitufe cha B. Masharti yote yametimia, mwanga umeshaanza kuwaka, na bado mkono wako unaweza kukataa. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Ufunguo wa nne ni majeraha. Katika Final Fantasy IX ya mwaka 2000 kuna hali inayoitwa Trance. Kila mhusika ana mstari unaojaa kadiri anavyopigwa. Ukijaa, anageuka hapo hapo na kupata nguvu za pekee. Huchagui wakati. Mara nyingi linakuja mwishoni mwa pambano dogo, na linaisha kabla hujafika kwa adui mkubwa uliyekuwa unamngoja. Wachezaji wengi wanalalamika juu ya hilo. Mimi naliona linafanana na maisha: nguvu inayotoka katika mateso haiwekwi akiba mfukoni.

Ufunguo wa tano ni ukweli. Katika Persona 4 ya mwaka 2008, vijana wa sekondari katika mji mdogo wa Japani wanakutana na Kivuli chao, kiumbe mwenye sura yao anayesema kwa sauti mambo wanayoyaficha moyoni: wivu, kuchoshwa na nyumbani, kutaka kusifiwa. Kijana akipiga kelele kwamba huyo si yeye, Kivuli kinakuwa jitu na kuanza kushambulia. Vita ikiisha, kijana anamwangalia na kukiri kwamba yale ni yake. Hapo ndipo Kivuli kinageuka kuwa nguvu ya kumsaidia. Baadaye, urafiki wako na mwenzako ukifika ngazi ya 10, nguvu yake hiyo inabadilika tena na kupata sura ya juu zaidi. (Gemu hii si ya watoto, nawaambia mapema. Huko Marekani imewekewa alama ya miaka 17 kwenda juu.)

Uvumilivu, urafiki, mwenzako, majeraha, ukweli. Zote ni funguo nzuri. Lakini kuna badiliko moja linalozikusanya zote, na kuongeza ufunguo wa sita ambao mchezaji hautarajii. Ndilo ninalotaka tukae nalo leo.

Cecil, mtu wa upanga wa giza

Final Fantasy IV ilitengenezwa na kampuni ya Square ya Japani, ikatoka mwaka 1991 kwa mashine ya Super Famicom. Mwongozaji wake alikuwa Hironobu Sakaguchi, na muziki ni wa Nobuo Uematsu. Leo unaweza kuicheza hata kwenye simu, katika toleo la Pixel Remaster la mwaka 2021.

Mhusika mkuu ni Cecil, kamanda wa kikosi cha meli za angani kiitwacho Red Wings, katika ufalme wa Baron. Yeye ni Askari wa Giza. Amri yake ya pekee vitani inaitwa Giza: anawapiga maadui wote kwa mpigo mmoja, lakini kila akiitumia anapoteza sehemu ya uhai wake mwenyewe. Unaona kwenye skrini namba za uhai zikishuka. Watunzi hawakuhitaji kuhubiri, waliiweka hesabu mbele ya macho yako.

Gemu inaanza akiwa njiani kurudi nyumbani. Ametumwa na mfalme kwenda Mysidia, mji wa mamajusi, kunyakua kristali yao. Watu wa Mysidia hawakupigana, na bado wakauawa. Cecil anajua kwamba ni vibaya. Anapomhoji mfalme, ananyang'anywa ukamanda na kupewa kazi nyingine: apeleke pete katika kijiji cha Mist. Njiani anamuua joka la ukungu. Kumbe joka lile lilikuwa limefungamana na uhai wa mwanamke wa kijiji hicho, mama wa binti mdogo anayeitwa Rydia. Na alipofika, pete ikafunguka yenyewe, moto ukatoka, kijiji kikateketea. Cecil hakujua kilichomo ndani ya pete. Lakini aliyeibeba ni yeye.

Rydia, mtoto yatima, amesimama katikati ya moto. Cecil anambeba mpaka mji wa Kaipo. Usiku askari wa Baron wanakuja kumchukua mtoto, na Cecil anapigana na askari wa jeshi lake mwenyewe ili kumlinda. Hapo bado ni Askari wa Giza. Hajapata mwanga wowote, silaha zake ni zile zile nyeusi. Lakini kwa mara ya kwanza upanga wake unasimama kati ya mnyonge na mwenye nguvu. Vijana, tusilipite hili haraka. Badiliko la mlimani lilianza chumbani mwa nyumba ya wageni, usiku ule.

Baada ya safari ndefu, meli anayopanda inazamishwa na joka la baharini. Wenzake wote wanapotea. Anaamka ufukweni peke yake, na mji ulio karibu ni upi? Mysidia. Ule ule alioupora.

Lazima umwingize mjini, hakuna njia nyingine. Watu wanamtambua. Ukimsogelea mmoja, anamtukana. Mwingine anamgeuza chura. Mwingine anamtilia sumu. Gemu haikupi nafasi ya kujitetea, unabeba tu. Hatimaye mzee wa mji anamwambia kwamba kama kweli anataka kuachana na upanga wa giza, apande Mlima wa Majaribu. Anampa wenzake wawili, watoto pacha, Palom na Porom, wajuzi wa uchawi mweusi na mweupe. Baadaye watoto wenyewe wanasema waliagizwa pia wamchunguze kama kweli amejuta. Mzee amempa msaada, lakini hajampa imani ya kipofu.

Namna ya kulifungua badiliko hili

Sasa nizungumze na wachezaji. Wasiocheza, someni tu, mtaona yanakokwenda.

1. Pangeni mistari. Cecil akae mbele, pacha wakae nyuma. Huko mlimani mtamkuta mzee Tellah, naye awekwe nyuma.

2. Msitegemee upanga wa Cecil. Mlima umejaa maiti wanaotembea, na upanga wa giza hauwatishi. Tumieni moto wa Palom. Halafu jaribuni jambo hili: mrushieni adui ule uchawi wa Porom wa kuponya. Unachomponya nao rafiki ndio unaomwumiza maiti.

3. Karibu na kilele kuna Scarmiglione, mmoja wa wakuu wanne wa adui. Atawapiga mara mbili. Mkimshinda mara ya kwanza, msiende mbio. Poneni kwanza, maana atarudi kwa nyuma, na mistari yenu itageuka: walio dhaifu watajikuta mbele. Moto unamwumiza sana.

4. Ingieni chumba cha vioo. Hapa wenzake hawawezi kumpigania.

5. Ndani ya chumba, nuru inazungumza na Cecil na kumwita mwana. Inampa nguvu yake. Anageuka: silaha nyeusi zinatoweka, anakuwa Paladini, askari wa nuru na mlinzi wa wanyonge. Wengi hudhani kazi imekwisha. Ndipo picha yake ya zamani inatoka kwenye kioo na upanga mkononi. Ni Askari wa Giza, yeye mwenyewe wa jana.

6. Usimpige. Huu ndio ufunguo wa sita. Kama umezoea kuacha gemu ipigane yenyewe, izime. Chagua kujikinga. Uhai ukishuka, jiponye. Yeye atapiga, wewe vumilia. Atapiga tena, vumilia tena. Pambano litakwisha lenyewe, na yule wa zamani atatoweka.

7. Ukitoka, fungua ukurasa wa hali ya Cecil. Leveli: 1.

Ndiyo, 1. Pointi zote alizokusanya kwa upanga wa giza zimefutika, na mavazi ya zamani hayamfai tena, hata ukijaribu kumvalisha gemu inakataa. Usikate tamaa. Anapanda haraka kuliko mwanzo, hasa ukipigana wakati wa kushuka. Na ana uwezo mpya: mwenzake akikaribia kufa, Cecil anasimama mbele yake na kupokea pigo, bila wewe kumwamuru. Amri ya zamani ilimmaliza ili awapige wengine. Huu wa sasa unamtangulisha apigwe ili wengine wapone.

Wawili walipanda mlima mmoja

Kuna mtu tuliyemtaja haraka hapo juu, mzee Tellah. Binti yake Anna ameuawa, naye anatafuta uchawi mkubwa uitwao Meteor ili alipize kisasi. Amepanda mlima ule ule, amepigana na maiti wale wale, amefika chumba kile kile. Na amepata alichokitaka: anakumbuka uchawi wote aliousahau, na Meteor anapewa.

Sasa angalieni hesabu. Kutumia Meteor kunahitaji pointi 99 za uchawi. Tellah ana 90, na hata umpandishe leveli vipi, 90 haziongezeki. Gemu inakuonyesha mapema kwamba chuki yake ni kubwa kuliko mwili wake. Siku anapokutana na Golbez, aliyemuua bintiye, anajaziliza pengo lile kwa uhai wake. Anautumia uchawi, Golbez anaumia lakini hafi, na Tellah anafariki.

Mimi simdharau Tellah. Mtu aliyefiwa na mtoto si wa kuchekwa. Lakini naona watunzi waliwaweka hawa wawili pamoja kwa makusudi. Mmoja alipanda akitafuta silaha, akaipata, ikamuua. Mwingine alipanda akitafuta kuachana na silaha, akashuka akiwa hai. Kwa hiyo kupanda mlima peke yake hakutoshi. Kuna vijana wanaohudhuria kila semina, kila hija, kila mafungo, na wanarudi na hasira ile ile, sasa imepata maneno ya Biblia ya kujihami. Swali ni unapanda ukitafuta nini.

Tunajifunza nini sisi?

Sisemi kwamba watunzi wa gemu hii walikuwa wanafundisha katekisimu. Walikuwa wanasimulia hadithi yao. Lakini hadithi nzuri hugusa mambo ambayo mwanadamu yeyote anayajua, nasi tunaweza kuyasoma kwa macho ya imani yetu.

La kwanza, jina linatangulia vita. Cecil anaitwa mwana kabla hajashinda chochote katika chumba kile. Anapewa nuru kwanza, halafu ndipo anakutana na giza lake. Someni Injili ya Mathayo, sura ya 3 na ya 4, muone mpangilio. Yesu anabatizwa Yordani, sauti ya Baba inamtambulisha kuwa Mwana mpendwa, na baada ya hapo ndipo anaongozwa jangwani kujaribiwa. Vijana wengi tunaigeuza kinyume. Tunasema, "Nikishashinda tabia hii, ndipo nitarudi kwa Mungu." Nguvu ya kushinda utaitoa wapi, kama hutaki kupokea kwanza? Ulipobatizwa ulipewa jina la mwana, wengi wetu tukiwa hata hatujui kutembea. Neema haikungoja ushinde.

La pili, mtu wa zamani hashindwi kwa kupigwa. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Dhambi tunaikataa, na nafasi za dhambi tunazikimbia. Lakini kuna kujichukia ambako watu wanakuita toba. Kijana ameanguka, basi anajitukana usiku kucha, anajiita takataka, anajiapiza, na kesho yake anaanguka tena kwa uchovu. Anatumia upanga wa giza kumpiga askari wa giza. Tazama Bustani ya Gethsemane: Petro amechomoa upanga kwa nia njema kabisa, na Yesu anamwamuru aurudishe mahali pake. Cecil anajikinga, anajiponya, anangoja. Kwetu kujikinga ni sala, kujiponya ni Sakramenti ya Kitubio na Ekaristi, na kungoja ni kule kuvumilia siku moja baada ya nyingine bila kukata tamaa. Na kama vile kijana wa Persona 4 alivyolazimika kusema ukweli juu yake mwenyewe, nawe katika kiti cha kitubio unayataja mambo kwa majina yake. Kitu kilichotajwa hakina haja tena ya kukuvizia.

La tatu, ukubali leveli ya 1. Hapa ndipo wengi wanakwama. Mtu akiongoka anataka heshima ile ile aliyokuwa nayo, ila ya upande wa pili. Alikuwa bingwa wa disko, sasa anataka awe mwenyekiti wa vijana ndani ya mwezi mmoja. Kaa chini. Jifunze kusali rozari kama mtoto. Fagia kanisa na wenzako wa jumuiya ndogo ndogo. Toleo la Final Fantasy IV lililotoka kwa konsoli mwaka 2023 lina sehemu ya kuongeza pointi za uzoefu mpaka mara 4, hivyo unaweza kuharakisha kupanda. Lakini kurudi leveli ya 1 hakukwepeki, hata kwa toleo hilo.

La nne, deni halifutiki kwa mwanga. Baada ya kuwa Paladini, kijiji cha Mist bado ni majivu. Mama yake Rydia hafufuki. Cecil anayo kazi ya kufanya muda wote uliobaki wa gemu, na Rydia anaporudi akiwa amekua, wanapigana bega kwa bega. Huu ndio utaratibu wa Kanisa pia. Padre akishakuondolea dhambi anakupa malipizi. Ulichoiba unarudisha. Uliyemchafulia jina unamsafishia. Zakayo katika Luka sura ya 19 hakuishia kufurahi kwamba Bwana ameingia nyumbani kwake. Alisimama akaahidi kuwarudishia watu mara 4.

La tano, usishangae usipoaminiwa mara moja. Mysidia walikuwa na haki ya kuogopa. Sauli naye alipobadilika njiani kuelekea Damasko, waamini walimwogopa, na hata Anania alisita kwenda kumwekea mikono (Matendo ya Mitume, sura ya 9). Kama umebadilika na nyumbani bado wanaficha pochi ukipita, usiwakasirikie. Wape muda. Mzee wa Mysidia alimsaidia Cecil na kumchunguza kwa wakati mmoja, na vyote viwili vilikuwa upendo.

La sita, na hapa tunarudi kwenye kile kitufe cha B: unaweza kukataa. Mungu hamlazimishi mtu. Unaweza kuwa na masharti yote: umebatizwa, umepata Kipaimara, una rafiki mwema anayekuita, na dhamiri imeshaanza kuwaka. Na bado kidole chako kikabonyeza. Hili ndilo linalonipa hofu kwa vijana wetu kuliko gemu zote duniani.

Na uchawi uliomo je?

Najua mtauliza, na ni haki kuuliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inakataza waziwazi ramli, uchawi na ushirikina. Katazo hilo linahusu mambo tunayoyafanya kweli: kwenda kwa mganga wa kupiga ramli, kuvaa hirizi, kutafuta nguvu za siri juu ya wengine. Uchawi wa Porom ni kitufe ndani ya hadithi, kama vile sungura wa hadithi zetu anavyosema na simba. Lakini kila mtu ajichunguze. Kama gemu fulani inakuvuta ujaribu ramli au kadi za kutabiri katika maisha yako halisi, iache. Kama inakula muda wa sala, wa masomo na wa usingizi, ipunguze. Na kama gemu inakutaka utoe hela kila mara ili upate nafasi ya bahati nasibu ya kumfungua mhusika, hiyo ni kamari iliyovaa nguo nzuri. Badiliko la Cecil haliuzwi popote.

Maswali ya kutafakari na kujadili

Unaweza kuyajibu peke yako, au mkayajadili katika kikundi chenu.

1. Ni "upanga wa giza" gani unaokupa nguvu huku ukikumalizia uhai? Hasira? Umbea? Picha chafu? Sifa za mtandaoni?
2. Je, unapanda mlima ukitafuta kubadilika, au ukitafuta silaha ya kumpiga fulani?
3. Mysidia yako ni wapi? Ni nani unayepaswa kumrudia ukiwa na kichwa chini?
4. Nani ni Palom na Porom wako, wanaokusindikiza na kukuambia ukweli?
5. Ni eneo gani la maisha ambalo Mungu anakualika uanze na leveli ya 1, nawe unakataa kwa sababu ya fahari?

Zoezi la wiki

Wiki hii fanya mambo matatu. Kila jioni, kabla ya kulala, kaa dakika tano mbele ya Mungu na utaje kwa majina yake jambo moja la siku hiyo, bila kujitukana na bila kujitetea. Kama muda umepita, nenda Kitubio kabla ya Jumapili. Halafu chagua deni moja dogo unaloweza kulilipa: simu ya kuomba msamaha, hela uliyokopa, neno ulilolisema vibaya juu ya mtu. Lilipe.

Na wale wachezaji mlio katikati ya gemu hii, mkifika chumba cha vioo mtakumbuka somo. Vidole vitawasha kutaka kubonyeza kitufe cha kushambulia. Jikingeni, mngojee.

Bwana atusaidie sote. Tukutane somo lijalo.